Mwaka Baba Alipokwenda Kuvuna Zabibu

Mzee yule Mwitaliano alipoingia karakana ya baba kwa mara ya kwanza hakusalimia mtu. Aliinama, akaokota kipande cha mbao kilichokuwa kimeangukia kwenye maranda, akakipeleka puani na kufumba macho. Baba akasimamisha randa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na hotipoti la chakula. Nilikuwa nimeanza kazi ya uuguzi miezi michache tu kabla, na siku nilizokuwa zamu ya jioni nilimpelekea baba chakula cha mchana.

"Mninga," baba alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha ndugu yake.

"Mninga," mzee akarudia. Kisha akakumbuka adabu. "Hodi," akasema, naye tayari yuko katikati ya karakana.

Baba alicheka mpaka akakaa. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Mzee alikuwa amekuja Songea kujitolea kwa miezi mitatu kwenye chuo cha ufundi cha misheni, na mkuu wa chuo alikuwa amemwelekeza mtaa wetu wa Mjimwema atafute fundi wa kurekebisha madirisha yasiyofunga. Kiswahili alikuwa amekisoma kwenye kitabu. Vitenzi vyote alivisema kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi: "Mimi nakuja jana." "Baba yangu anakufa zamani." Ukimzoea unamwelewa vizuri tu. Alitueleza kwamba yeye si seremala. Kwao, kwenye vilima vya kaskazini mwa Italia, wana shamba la mizabibu na wanatengeneza mvinyo mwekundu, na mvinyo wao hulazwa kwenye mapipa ya mbao miaka miwili au mitatu kabla ya kuuzwa. Mtu aliyekaa na mapipa miaka arobaini, alisema, hawezi kupita karibu na mbao bila kuinusa.

Alipomaliza miezi yake mitatu alimpa baba chupa moja ya mvinyo wa kwao. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sebuleni kwenye kabati la vyombo, katikati ya bilauri za wageni, ikiwa imesimama wima ili kila aingiaye aione. Sisi mvinyo tulioujua ni wa Dodoma, unaofunguliwa kwenye harusi, na divai ya misa, ambayo baba alikuwa akiitazama kutoka benchi la nne tangu utoto wake bila kuionja. Chupa ile tukaifanya pambo. Mama aliipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mwaka uliofuata mzee alirudi. Mama alimkaribisha chakula Jumapili baada ya misa, na kitu cha kwanza alichokiona ni chupa yake. Alishika kichwa.

"Mama, hapana! Chupa inalala."

"Ilale?" mama akaniuliza mimi. "Ilale kama mgonjwa, kwa nini?"

Alitueleza kwamba kizibo lazima kiguswe na mvinyo ili kibaki na unyevu. Kikikauka, hewa inaingia, na kazi yote ya miaka inageuka siki. Akatoa kizibuo mfukoni mwake, maana alikuwa anatembea nacho kama wengine wanavyotembea na rozari, akasema tusingoje tena, tuifungue tujue kama ingali hai.

Mezani kulikuwa na ugali, kuku wa kienyeji, na likolo la majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Mzee alimimina mvinyo kwenye bilauri zetu za chai, kidogo kidogo, akanusa ya kwake, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba mvinyo haukuharibika. Mama akapiga funda moja. Uso wake ulikunjika wote. Alivuta kopo la sukari, akatia vijiko viwili kwenye bilauri yake, akakoroga.

"Mama watoto!" baba alimnong'oneza kwa aibu.

Mzee aliweka kijiko chini. Nilidhani amekasirika. Kumbe machozi yalikuwa yanamlenga. "Mama yangu," alisema. "Mkate, mvinyo, sukari. Mimi mtoto. Kila siku natoka shule." Akasukuma bilauri yake kwa mama, naye atiliwe sukari. Tangu siku ile mama hakutaka kusikia neno baya juu ya mtu yule.

Baba yeye alikunywa polepole, bila sukari. Aliushikilia mdomoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mwisho akasema, "Kuna mbao humu ndani."

"Nani anakuambia?" mzee akauliza.

"Nimeionja."

Mzee akaanza kumweleza habari za mwaloni, mti unaotengenezewa mapipa yao. Baba mwaloni aliujua kwa kuusikia kwenye masomo ya kanisani tu. Hakuwa amewahi kuugusa. Safari iliyofuata mzee alimletea kibao cha pipa kuukuu, kimepinda, upande mmoja wa rangi ya kawaida na upande wa pili mweusi unaoelekea zambarau, kwa miaka iliyokaa na mvinyo. Baba alikipiga randa pembeni kidogo tu, akanusa maranda yake, akayatia kwenye kikopo. Kila fundi aliyepita karakana alinusishwa.

Kwa miaka ile mzee alikuwa akija kila mwaka wakati wa baridi, na baada ya kazi ya chuo alikaa karakana akisimulia. Shamba lao lilianzishwa na baba yake mzazi, mtoto wa vibarua waliolima ardhi ya watu wengine. Alipata kipande cha mteremko wenye mawe ambacho hakuna aliyekitaka, akakipanda mizabibu yeye na mke wake, wakabeba maji mgongoni. Pipa lao la kwanza lilikuwa mtumba. Mvinyo wa kwanza ulinuka samaki, na waliunywa wenyewe mwaka mzima kwa sababu hakuna jirani aliyeutaka. Baba aliipenda sana sehemu ile ya samaki. Alimwomba airudie mara nyingi.

Naye baba alimweleza ya kwake. Karakana aliianzisha akiwa na msumeno mmoja na patasi mbili. Aliwafundisha kaka zangu wawili, wote wakajua kazi, na wote wakaondoka: mmoja Dar es Salaam anauza vipuri vya magari, mwingine Mbeya, karani. "Nikifa," baba alisema, "hapa watafungua duka la vocha."

Mzee akasema kwao afadhali kidogo. Ana binti mmoja, na binti ndiye anayeendesha shamba. Lakini alilisema kwa namna ambayo nilijua kuna jambo.

Safari yake ya nne ndipo alipomwambia baba, "Fundi, mimi nazeeka. Sasa njoo wewe. Njoo wakati wa kuvuna. Tiketi juu yangu." Baba alidhani ni maneno ya kuagana. Barua ya mwaliko ilipofika, ikiwa na mhuri, alikaa nayo kwenye kochi jioni nzima.

Mama ndiye aliyeweka sharti. "Ana presha. Akianguka huko, nani atamwokota? Haendi bila nesi." Nesi ni mimi. Nikaomba likizo yangu ya mwaka, na mzee akakubali bila kusita. Baba wakati huo alikuwa na miaka sitini na kitu, na mbali alikowahi kufika ni Dar es Salaam, kwenye arusi ya kaka. Alifungasha suti yake ya misa, fulana ya sufi aliyofumiwa na mama, na randa yake.

"Randa ya nini, baba?"

"Huwezi kujua," akasema.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya mawe, juu ya kilima, na kila upande ukitazama ni mistari ya mizabibu inashuka. Binti yake alitupokea uani akiwa amevaa mabuti, nywele amezifunga kwa kipande cha kamba, vidole vyeusi kwa zabibu. Alimbusu baba shavu hili na shavu hili. Baba alisimama wima kama mtu anayepimwa kanzu. Nilicheka peke yangu, na yule dada akacheka pia, na nadhani urafiki wetu ulianzia hapo. Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana.

Siku ya pili walitushusha kwenye ghala lililo chini ya nyumba. Baridi yake ilikuwa ya milima yetu ya Matogoro mwezi wa saba. Kulikuwa na mapipa ya aina mbili: yale ya zamani, makubwa kuliko mtu, yaliyoachwa na mwanzilishi, na mengine madogo, mapya, ya binti. Baba hakuuliza habari za mvinyo. Aliweka kiganja kwenye pipa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akahamia lingine. Akapitisha ukucha kwenye maungio.

"Muulize dada gundi gani wanatumia," akaniambia.

Nikauliza. "Hawatumii gundi."

"Misumari?"

"Hakuna msumari. Wanapasha vibao kwenye moto mpaka vipinde, wanavikaza kwa pete za chuma."

"Muulize tena," baba akasema. Nilimuuliza mara tatu. Baba alivua kofia yake.

Tulivuna siku kumi na moja. Unashika kichala kwa mkono mmoja, unakata kikonyo kwa mkasi mdogo, unakilaza kwenye kreti usikiponde. Mikono inanata mpaka kalamu haikutoki. Nyigu wanakuzunguka. Kila baada ya saa mbili nilimpima baba presha pale pale shambani, amekaa juu ya kreti, na wavunaji wengine, wazee wa kijiji kile, wakaanza kupanga mstari nyuma yake wapimwe nao. Mmoja niliikuta presha yake iko juu sana nikamkataza kazi. Alininunia mpaka mke wake aliponiletea jibini ya kunishukuru.

Binti wa mzee ndiye aliyeamuru kila kitu. Alitembea mistari yote asubuhi, akaonja zabibu, akatema mbegu kiganjani akazitazama rangi, akasema leo tuvune huku, kule bado. Wanaume wa umri wa baba walimsikiliza wakafanya. Niliona baba anamtazama. Nyumbani sikuwahi kumwona akimtazama mwanamke akifanya kazi kwa namna ile, kama anavyomtazama fundi mwenzake.

Lile jambo tulilijua wiki ya pili, mchana, jikoni. Mzee na binti yake walikuwa wakibishana kwa Kiitaliano, na hata asiyejua neno angejua kwamba ubishi ule si wa leo. Dada akanieleza: baba yake anataka mvinyo wote uendelee kulazwa kwenye mapipa makubwa ya babu. Yeye anataka mapipa madogo mapya, ambayo yanaupa mvinyo ladha zaidi ya mwaloni. Wamebishana miaka sita.

Mzee akapiga meza. "Fundi anaamua!" Akaleta glasi mbili. Zabibu zilezile, za miaka miwili iliyopita. Moja imelala pipa la babu, nyingine pipa la binti. Hakusema ipi ni ipi.

Baba hakutaka. Aliniambia kwa Kingoni, ili mzee asielewe, kwamba mgeni hawekwi katikati ya mtu na mwanawe. Lakini walikuwa wote wanamtazama. Akanywa ya kwanza, akala mkate, akanywa ya pili. Akarudia.

"Huu wa pili," alisema, "una mbao nyingi kuliko zabibu."

Mzee hakungoja nimtafsirie binti yake. Aliruka, akamkumbatia baba, akacheka kwa sauti. Dada naye hakuhitaji tafsiri. Uso ulimwiva. Alianza kukusanya glasi.

"Sijamaliza," baba akasema. Akainua mkono, kama anavyofanya kwenye vikao vya jumuiya. "Mzee mwenzangu, kaa. Mbao ya pipa lile bado mpya. Mbao mpya inanukia kwa fujo, hata mninga. Ikikaa itatulia. Na siku itakapotulia, atakayekuwepo kuuonja ni huyu. Si wewe, wala si mimi. Mwachie."

Nilimtafsiria dada nikiwa na hofu. Mzee alisimama, akavaa koti lake, akatoka uani, tukamwona dirishani akitembea na mbwa wake mpaka mwisho wa shamba. Baba alikuwa na jasho. Aliniuliza kama ameharibu.

Kesho yake asubuhi mzee alimwamsha baba wakashuka ghalani pamoja. Walikuwa wanahamisha mapipa madogo matupu kutoka banda la nyuma. Dada alipofika, baba yake alikuwa ameshika pipa moja kwa pande zote mbili, akamuuliza kitu kifupi. Nilimuuliza dada alichosema.

"Ameuliza aliweke wapi," akaniambia. Akageukia ukuta kidogo, kisha akamwonyesha mahali.

Mvinyo wa zabibu tulizovuna sisi uliingia kwenye mapipa yale.

Siku mbili kabla ya kurudi nyumbani baba aliniomba tutembee. Majani ya mizabibu yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Tulikuwa katikati ya mstari aliponiuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi ulipokuwa unaniomba randa?"

Sikutegemea. "Tisa. Labda kumi."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema itanikata vidole. Ulisema niende nikamsaidie mama."

Tulitembea mpaka mwisho wa mstari. "Nilikosea, mama," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno lile kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilimwambia, "Baba, mimi nimeshakuwa nesi."

"Najua. Na nesi mzuri. Lakini nilikosea."

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi, ila nilikasirika pia. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimesimama kwenye kilima cha watu, na mtu aliyenifukuza karakana ananiomba radhi wakati mikono yangu imeshazoea sindano. Niliokota jani, nikalichanachana. Baba alisubiri. Kisha tukarudi kula.

Tulipofika Songea hakupumzika hata siku. Alimwita mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne yuko nyumbani, akamwambia kesho aje karakana. Mdogo wangu alikuwa na mipango yake: alitaka kufungua saluni mtaa wa Lizaboni na rafiki yake. Aliniuliza baba amelishwa nini huko. Mwisho alikubali miezi mitatu, kwa sharti kwamba baada ya hapo baba amnunulie mashine ya kukaushia nywele.

Mashine ile haijanunuliwa mpaka leo. Mwezi wa pili alitengeneza kiti ambacho hakikuyumba, na akakikalia siku nzima ili mtu asikinunue. Wateja waliingia wakauliza, "Fundi yuko wapi?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiye anayekusikiliza."

Mzee alikuja mara moja zaidi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, kazi ya chuo hakuigusa. Alikaa kwenye benchi nje ya karakana na baba, wakamtazama mdogo wangu akikata mbao, wakimkosoa kwa lugha mbili. "Wazee, nendeni mkanywe chai," aliwaambia, nao wakaenda. Mwaka uliofuata, badala ya mzee, ulikuja ujumbe kwenye simu yangu. Dada aliandika kwamba baba yake alifariki wakati wa kupogoa mizabibu. Baba aliomba misa. Karakana ikafungwa siku tatu. Mama aliweka picha ya mzee kwenye kabati, mahali palipokuwa na ile chupa zamani.

Na baba naye akaondoka, kwa presha ileile, asubuhi, akiwa amekaa kitandani anavaa viatu. Nilikuwa zamu hospitali. Nimewaokoa watu wengi wa presha na baba yangu sikuwepo. Hilo nimelizoea sasa, ila sijalimaliza.

Mvinyo wa mavuno yetu ulitufikia wakati baba ana mwaka mmoja kaburini. Mtawa mmoja aliyekuwa Italia kwa masomo aliuleta, umefungwa ndani ya sweta. Tuliufungua Jumamosi mchana nyumbani, mama, mdogo wangu na mimi. Mdogo wangu alikuwa ametoka karakana, aliyokuwa ameihamishia mtaa wa Msamala, kwenye banda kubwa zaidi. Tulikunywa polepole. Mimi si mjuzi wa mvinyo. Ulikuwa mweusi kuliko nilivyoukumbuka, mzito, na mwishoni una ukali unaokausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni. Nilitafuta ile fujo ya mbao aliyoisema baba. Sikuipata.

"Mimi nasikia mninga," mdogo wangu akasema.

"Hakuna mninga humo. Ni mikono yako."

Alinusa vidole vyake, akacheka, kisha akalia, na mama akalia, na nikaona nisijizuie peke yangu.

Dada wa Italia tunaandikiana mpaka sasa. Hunitumia picha za theluji juu ya mizabibu, nami humtumia za mvua ikishuka Matogoro. Mwaka huu mvua ya mawe iliwaharibia sehemu kubwa ya shamba. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba mwanawe wa kiume hataki habari za mvinyo, anataka kusomea udaktari wa meno, na yeye hajui la kufanya. Nilisoma ujumbe ule nikiwa kwenye chumba cha wauguzi, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilimjibu asimlazimishe. Kisha nikaongeza kwamba akiwa likizo amwombe amsaidie kazi ghalani, bila kumwambia sababu. Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kumbadilishia mama mmoja dripu.